Mfumo Hausemi, Kuna Mtu Kauandika

Kuna sentensi moja nimeichoka, nayo ni hii: "Mfumo ndivyo unavyosema."

Unaisikia kila dirisha. Unakwenda kulipia maji unakuta deni limepanda, unauliza kulikoni, unajibiwa mfumo ndivyo unavyosema. Mstaafu anafuatilia mafao yake, jina halionekani, mfumo ndivyo unavyosema. Ukithubutu kuuliza ni nani aliyeuambia mfumo useme hivyo, unatazamwa kama umeshuka kutoka mwezini. Zamani tuliambiwa "ni amri kutoka juu". Angalau huko juu kulikuwa na mtu. Siku hizi juu kuna kompyuta, na kompyuta haiitwi mbele ya kamati ya nidhamu.

Sasa tuelewane. Mfumo hausemi kitu. Kuna mtu mwenye jina na mshahara alikaa kwenye kiti akaandika maelekezo, na mashine inayafuata neno kwa neno. Maelekezo hayo huitwa msimbo. Na hoja yangu naiweka mezani mapema, nisije nikaambiwa nazunguka mbuyu: ofisi nyingi haziwezi kumjibu mwananchi kwa sababu msimbo wao umeandikwa kwa namna ambayo hata wao wenyewe hawawezi kuusoma. Umekuwa tumbo moja refu, na ndani ya tumbo hilo kila mtu amejificha. Dawa yake inajulikana, imo vitabuni kwa zaidi ya miaka 25. Wakubwa hawainunui kwa sababu haina utepe wa kukata siku ya uzinduzi.

Kwa wasomaji ambao si wa fani hii, subirini kidogo nieleze. Mwandishi wa programu haandiki maelekezo yote kwa mkupuo mmoja. Anayagawa mafungu, na kila fungu analipa jina. Fungu hilo wenyewe wanaliita fanksheni. Ni kama shughuli ya harusi. Mwenye shughuli hasimami jikoni kusema chukua kitunguu, menya, kata, weka mafuta. Anasema "pikeni pilau", basi. Ndani ya "pikeni pilau" kuna "chemsha nyama", kuna "kaanga vitunguu", kuna "osha mchele", na kila moja ina mtu wake. Pilau ikiungua, unajua wa kumuuliza.

Sasa angalia kinachotokea maofisini. Fanksheni ya kutengeneza ankara ya maji inaanza na mistari 20. Safi kabisa. Mwaka unaofuata meneja anataka faini kwa wanaochelewa kulipa, mistari 40 inapachikwa katikati. Unakuja msamaha kwa wazee, inapachikwa 30. Inakuja tozo ya majitaka, kisha punguzo la taasisi, kisha marekebisho ya dharura yaliyoandikwa saa nne usiku kwa sababu bosi anasafiri kesho. Ikiwa hivi basi vile, isipokuwa kama hivi, lakini kama ni Juni basi vile tena. Baada ya miaka saba una mistari 1,000 chini ya jina moja, na jina lenyewe ni "process2". Ukigusa hapa, pale panalia.

Tatizo la urefu huo linapimika. Mwaka 1976 Mmarekani Thomas McCabe aliandika makala akipendekeza kipimo kinachohesabu njia panda ndani ya fanksheni, yaani kila mahali programu inapolazimika kuchagua kwenda huku au kule. Alishauri kipimo hicho kisizidi 10. Mbona kidogo hivyo? Piga hesabu mwenyewe. Njia panda 10 zinazofuatana, kila moja ikiwa na upande wa kulia na wa kushoto, zinaweza kutoa safari 1,024 tofauti. Zikiwa 20, safari zinazidi milioni moja. Niambie ni nani katika ofisi hiyo alizijaribu safari milioni moja kabla ya kukutumia ankara.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya ankara tu, hakuna anayekufa kwa ankara. Basi tuje kwenye magari.

Septemba 2007, katika jimbo la Oklahoma huko Marekani, Toyota Camry ya mwaka 2005 ilikuwa ikitoka barabara kuu, ikashindwa kusimama, ikagonga tuta. Abiria akafariki, dereva akaumia vibaya. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 2013, upande wa walalamikaji ulimleta mtaalamu wa programu, Michael Barr, ambaye yeye na wenzake waliruhusiwa kuusoma msimbo wa injini ndani ya chumba chenye ulinzi. Sijui ni wangapi kati yetu tunaopanda magari ya kampuni hiyo kila siku tuliwahi kufikiri kwamba kuna maandishi kati ya mguu wa dereva na injini. Yapo. Dereva akikanyaga mafuta, programu ndiyo inayoamua kilango cha hewa kwenye injini kifunguke kiasi gani.

Na fanksheni inayokokotoa ufungukaji wa kilango hicho, kwa mujibu wa wataalamu wa walalamikaji, ilikuwa na mistari kama 1,300. Kwa kipimo kile cha McCabe ilipata 146. Fanksheni 67 zilivuka 50, kiwango ambacho wataalamu hao walisema hakijaribiki. Msimbo ulikuwa na vigeu zaidi ya 10,000 ambavyo vinaweza kuguswa kutoka kona yoyote ya programu, kama sufuria isiyo na mfuniko ambayo kila apitaye anatia mkono.

Niwe mkweli, maana huu ni ukurasa wa mwandishi wa habari na si kijiwe cha umbea. Toyota ilikana kwamba programu ndiyo iliyosababisha ajali. Uchunguzi wa NASA uliotolewa mwaka 2011 haukupata ushahidi kwamba elektroniki ndiyo chanzo cha magari kwenda kasi yenyewe. Lakini Oktoba 2013 jopo la raia lililosikiliza kesi hiyo liliamua kampuni ilipe fidia ya dola milioni 3, na pande mbili zikamalizana kabla ya adhabu ya ziada kupangwa. Mimi hapa sihukumu ajali. Ninachohoji ni kitu kimoja: katika tumbo la mistari 1,300 na alama 146, hata anayesema "programu yetu haina kosa" anategemea imani kama anayesema "ina kosa". Ndugu wa marehemu anaomba jibu, na maandishi yamepangwa kwa namna ambayo jibu halipatikani bila wataalamu kujifungia na kusoma kwa miezi. Hilo ndilo linalonichoma.

Na msiniambie haiwezekani kuandika vingine. Mwaka 2006 Gerard Holzmann, mtaalamu wa maabara ya JPL ya NASA, alichapisha kanuni 10 za kuandika msimbo ambao kosa lake ni uhai wa watu au vyombo vya angani. Mojawapo inasema fanksheni isizidi urefu unaoenea kwenye karatasi moja, kama mistari 60. Karatasi moja! Watu wanaorusha vyombo kwenda sayari nyingine wanashauriwa karatasi moja, halafu mkokotoaji wa ankara za mtaa wangu anahitaji daftari zima?

Dawa yenyewe ni ya kawaida sana. Mwaka 1999 Martin Fowler alitoa kitabu kizima kuhusu kuupanga upya msimbo, maana yake kubadili mpangilio wa ndani bila kubadili kazi inayoonekana nje. Mfano anaoanza nao utawafurahisha waliokulia enzi za kukodi kanda za video: duka linalokodisha filamu, na fanksheni moja ndefu inayoandika hesabu ya mteja. Inafanya kazi vizuri tu. Shida inaanza pale mwenye duka anapotaka hesabu ileile itoke kwa muundo wa ukurasa wa wavuti. Ukinakili tumbo lote na kubadili kidogo, unakuwa na matumbo mawili, na bei zikibadilika siku moja lazima ukumbuke kurekebisha yote mawili. Fowler anafanya nini? Anachomoa kipande kimoja, anakipa jina, anaendesha majaribio. Anachomoa kingine, jina, majaribio. Mwisho wa zoezi kila kipande kinafanya kazi moja, na jina lake linakuambia ni ipi.

Irudishe kwenye ankara ya maji. Badala ya "process2" yenye mistari 1,000, unakuwa na soma_mita, kokotoa_matumizi, ongeza_tozo_ya_majitaka, toza_faini, toa_msamaha_wa_wazee, andika_ankara. Angalia majina hayo. Wewe usiyejua programu hata chembe umeshaelewa ankara yako inatengenezwaje. Mkaguzi wa hesabu naye ameelewa. Mzee akisema "sikupewa msamaha wangu", kuna mlango mmoja wa kubisha wenye mistari 15, na dakika kumi zinatosha kujua kama analalamika kwa haki. Nani kasema majina hayo lazima yawe ya Kiingereza? Mashine haijali. Jina la fanksheni ni la msomaji, na msomaji wetu anazungumza Kiswahili.

Chukua kodi sasa. Mwaka 2009 Tanzania ilishusha VAT kutoka asilimia 20 hadi 18. Kenya iliishusha kutoka 16 hadi 14 Aprili 2020, ikairudisha 16 Januari 2021, miezi tisa tu. Mwenye fanksheni inayoitwa kokotoa_vat alibadili sehemu moja akaenda kunywa chai. Mwenye tumbo refu, ambaye asilimia ile imeandikwa mahali kumi na mbili, alibadili kumi na moja. Ile ya kumi na mbili ndiyo inayokula hela ya mteja hadi leo, na akiuliza ataambiwa... mnajua ataambiwa nini.

Mimi haya siyasomi vitabuni tu. Katika kazi yangu nimewahi kufuatilia suala la mwalimu mstaafu aliyedaiwa malimbikizo yaleyale mara mbili na ofisi moja ambayo sitaitaja. Risiti anazo, zimepangwa kwenye bahasha kwa tarehe, kazi ya mwalimu. Dirishani wakasema mfumo. Meneja akasema mfumo. Nikaomba kuonana na kijana wa kompyuta. Muungwana sana, akafungua msimbo mbele yangu, akaanza kushuka nao. Anashuka, anashuka, kidole kimechoka. Mwisho akaniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, hapa huwa sigusi. Aliyeandika aliondoka zamani." Jamani! Ofisi nzima, jengo la ghorofa, walinzi getini, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake anayejua kwa nini mwalimu anadaiwa. Deni lipo, mdai hayupo.

Sasa wataalamu wetu wana visingizio. Navijua, nimeandikiwa vya kutosha.

Kisingizio cha kwanza: "Inafanya kazi, usiiguse." Huyu humtajia kampuni ya Knight Capital ya Marekani. Sawa, tuisome pamoja. Agosti 1, 2012 kampuni hiyo ya kununua na kuuza hisa ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 kwa takriban dakika 45. Ripoti ya SEC, mdhibiti wa masoko ya mitaji ya Marekani, iliyotolewa Oktoba 2013 inaeleza chanzo. Kulikuwa na kipande cha msimbo walichoacha kukitumia tangu mwaka 2003 lakini hawakukiondoa. Mwaka 2005 walihamisha sehemu iliyokuwa ikihesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, na hawakukijaribu tena kile kipande cha zamani baada ya hapo. Mwaka 2012 walipoweka programu mpya, seva moja kati ya nane haikupata msimbo mpya, kipande kilichokufa kikaamka, kikaagiza hisa kama kichaa kwa sababu kilichokuwa kinakiambia "basi, zimetosha" kilishahamishwa. Somo liko wapi hapo? Walihamisha kitu bila majaribio, hilo ni kosa, nakubali kwa mikono miwili. Lakini pia walikaa na maiti ndani ya nyumba miaka tisa bila mtu yeyote kuiondoa. Huyo "usiiguse" naye ana damu mikononi.

Kugusa kuna adabu yake. Mwaka 2004 Michael Feathers aliandika kitabu kuhusu msimbo wa kurithi, akasema msimbo wa kurithi ni ule usio na majaribio. Ushauri wake ni wa mtu mzima: kabla ya kukata, nasa kwanza tabia ya sasa ilivyo, hata kama ina kasoro. Kwa ankara zetu, chukua ankara 200 za zamani za kila aina, za wazee, za taasisi, za wachelewaji, hifadhi majibu yake. Chomoa kipande kimoja, endesha zote 200, linganisha. Jibu likibadilika hata kwa senti, rudisha. Hakuna ushujaa hapo, kuna uvumilivu tu.

Kisingizio cha pili: "Hatuna muda wala bajeti." Huu ni uongo wa mchana kweupe. Muda mnao, mnautumia vibaya. Kijana yule anayeshuka na kidole siku nzima kutafuta mstari mmoja analipwa mshahara. Mwalimu anayepanda daladala mara sita kufuata deni hewa analipa nauli. Gharama ipo, ila mmeihamishia kwa wananchi, na kwenye vitabu vyenu haionekani.

Kisingizio cha tatu ndicho chenye akili, na nakiheshimu: "Ukikatakata sana unavuruga. Msomaji anarukaruka kati ya vipande 80 na haoni kitu kizima." Kweli kabisa. John Carmack, aliyetengeneza michezo ya kompyuta ya Doom na Quake, aliandika mwaka 2007 kwamba wakati mwingine ni afadhali msimbo ukae mahali pamoja kwa mfuatano, uonekane wote. John Ousterhout wa chuo kikuu cha Stanford, katika kitabu chake cha mwaka 2018, anaonya kwamba vipande vidogo mno visivyoficha ugumu wowote vinaongeza mzigo badala ya kuupunguza. Nakubaliana nao. Ukimkata kuku vipande mia hupati vitoweo mia, unapata uji wa mifupa. Ndiyo maana sisemi kateni kwa rula. Nasema kateni penye kiungo, na mtajua ni kiungo kwa sababu kipande kitakubali jina. Kikikataa jina, au jina likija na "na" tatu ndani yake, hapo hamjafika kwenye kiungo. Lakini angalieni: mabwana hawa wawili wanajadili kati ya msomi na msomi namna bora ya kumsaidia msomaji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetetea "process2". Msijifunike shuka lao.

Kuna kisingizio cha nne ambacho hakisemwi hadharani, ndicho kikubwa kuliko vyote. Msimbo usiosomeka ni ajira. Kandarasi ya matengenezo inarudi kwa kampuni ileile kila mwaka kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuufungua. Mtu mmoja anakuwa mfalme wa idara kwa sababu yeye peke yake ndiye anayejua maiti zimezikwa wapi. Akiugua, malipo yanaugua naye. Na kwa mkubwa asiyependa maswali, tumbo refu ni zuri mno: uamuzi wa kuwatoza watu faini uliofanywa na kikao cha wanaume saba unaingizwa humo, ukitoka nje unaitwa "mfumo". Wenye kikao hawapo tena. Umebaki wewe na skrini.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na nayadai kama mlipa kodi. Kwanza, kila mfumo unaonunuliwa kwa fedha ya umma, mkataba useme msimbo unakabidhiwa kwa ofisi, na majaribio yake, na fanksheni isizidi ukurasa mmoja bila sababu iliyoandikwa. Tunaweka masharti ya unene wa lami, tutashindwaje kuweka ya urefu wa fanksheni? Pili, hakuna kupachika sharti jipya kwenye tumbo la zamani kabla ya kuchomoa na kuipa jina sehemu inayoguswa. Kidogo kidogo, kila marekebisho yaache mahali pakiwa pasafi kuliko palivyokutwa. Tatu, kila sharti linalomgusa mwananchi mfukoni liwe na fanksheni yake yenye jina linaloeleweka, na pembeni iandikwe ni kanuni gani au kikao gani kiliagiza. Mkaguzi akija asome. Mwandishi wa habari akiuliza aonyeshwe.

Na wewe msomaji una kazi. Siku wakikuambia mfumo ndivyo unavyosema, usiondoke. Uliza kwa upole: ni sharti gani lililonitoza hela hii, linaitwaje, na nani aliagiza liandikwe? Watakuona msumbufu. Uliza tena kesho. Wakiulizwa na watu mia, yule kijana muungwana atapewa hatimaye kile anachokililia: wiki mbili za kutulia na kuukata msimbo vipande.

Wenye fani mnaonuna, uwanja ni wenu. Njooni na hoja, na mje na fanksheni zenu ndefu tuzihesabu mistari hadharani. Nasubiri.